Wi-Fi Ipo, Intaneti Haipo: Kutafuta Kasoro ya Mtandao wa Nyumbani Kirumba

Wi-Fi ni mawasiliano ya redio kati ya kompyuta na ruta, na kazi yake inaishia hapo hapo kwenye ruta. Intaneti huingia kwenye ruta kwa njia nyingine kabisa: ama kupitia laini ya simu iliyochomekwa ndani yake, ama kupitia waya wa faiba unaoshuka kutoka kwenye nguzo ya mtaani. Ndiyo maana kompyuta inaweza kuonyesha vijiti vya Wi-Fi vimejaa na bado ukurasa hata mmoja usifunguke. Vijiti vile hupima mita chache tu, kutoka mezani hadi kilipo kisanduku chenye taa. Kilichoko nyuma ya kisanduku hicho havikijui.

Ujumbe unaotoka kwenye kompyuta ya nyumbani hupita sehemu nne. Kwanza ni kompyuta yenyewe. Pili ni hewa ya ndani ya nyumba, pamoja na kuta na vyuma vyake. Tatu ni ruta na njia inayoiletea intaneti. Nne ni mtandao wa kampuni, ambao kutoka Kirumba, jijini Mwanza, husafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam, sehemu kubwa kwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, na kutoka pwani huingia kwenye nyaya zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, kama SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy iliyofuata mwaka 2010. Kasoro inaweza kuwa kwenye sehemu yoyote, lakini ni nadra kuwa kwenye mbili kwa wakati mmoja. Kinachowala watu fedha ni kuanza matibabu kabla ya kujua panapouma. Huyu ananunua bando jipya wakati la zamani halijaisha. Yule anabeba laptop mpaka kwa fundi ikapigwe Windows upya, kumbe shida ni waya wa faiba uliobanwa nyuma ya kabati.

Kipimo cha kwanza kinafanywa na simu. Simu iunganishwe kwenye Wi-Fi ile ile, na data ya laini yake izimwe kabisa. Hatua hii ya kuzima data husahaulika mno, na ikisahaulika kipimo chote hakina maana: simu nyingi zikigundua kuwa Wi-Fi haina intaneti huhamia kwenye bando lake kimyakimya, mwenye simu akaona WhatsApp inapokea ujumbe na kuamini kwamba ruta ni nzima. Data ikizimwa, jibu linakuwa wazi. Simu ikifungua kurasa na kompyuta ikashindwa, tatizo liko kwenye kompyuta au mahali ilipowekwa. Zote mbili zikishindwa, kompyuta iachwe kama ilivyo, ikaguliwe ruta.

Kipimo cha pili hufanywa kwenye kompyuta yenyewe. Katika Windows kuna dirisha jeusi linalofunguka kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia. Humo, amri ya ipconfig huonyesha anwani ambayo kompyuta imepewa na ruta. Kwa kawaida anwani ya nyumbani huanza na 192.168, kwa mfano 192.168.1.5, na chini yake, mstari ulioandikwa Default Gateway huonyesha anwani ya ruta, ambayo mara nyingi huishia na 1. Namba hizi zilitengwa katika miaka ya 1990 kwa ajili ya mitandao ya ndani, ndiyo maana nyumba ya Kirumba na nyumba ya Oslo zinaweza zote kuwa na 192.168.1.1 bila kugongana. Lakini anwani ikianza na 169.254, maana yake kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kuomba kwa ruta na kukosa jibu. Hapo mazungumzo ya kompyuta na ruta hayajakamilika, hata vijiti vikijaa vyote. Kompyuta itolewe kwenye Wi-Fi na kuunganishwa tena. Ikikataa, ruta izimwe na kuwashwa.

Anwani ya ruta ikishajulikana, inafuata amri ya ping: neno ping, nafasi, kisha anwani hiyo. Kompyuta hutuma vifurushi vinne vidogo na kupima muda wa kila kimoja kwenda na kurudi. Ndani ya nyumba, majibu mazuri hurudi ndani ya milisekunde chache, pengine mbili au tano. La kwanza likichukua milisekunde 200, la pili 15, na la tatu lisirudi kabisa, hewa ya nyumba ndiyo yenye shida. Mawimbi yanafika kwa taabu. Yakirudi yote upesi, Wi-Fi haina hatia. Ipigwe ping nyingine kwenda 8.8.8.8, anwani ya Google ambayo mafundi wengi wameikariri. Ikijibu, intaneti ipo. Ya tatu iende kwa jina, kwa mfano google.com. Namba ikijibu na jina likakataa, kilichokwama ni huduma ya kugeuza majina kuwa namba, ijulikanayo kama DNS. Kwa amri hizi chache, ambazo hazilipiwi, kazi ya kubahatisha imekwisha na iliyobaki ni kushughulikia sehemu moja.

Hewa ya ndani ya nyumba inastahili maelezo marefu kuliko sehemu nyingine, kwa kuwa Mwanza ni mji wa mawe. Wi-Fi hutumia masafa mawili makuu, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi. Hupita kwenye mlango wa mbao na silingibodi bila shida kubwa, hupungua nguvu kwenye ukuta wa tofali, hupungua zaidi kwenye zege lenye nondo, na kwenye jiwe zima la matale halipiti. Nyumba za Kirumba huanza tambarare karibu na soko la samaki la Mwaloni na kupanda hadi vilimani, na huko juu zipo zilizoegemezwa kwenye jabali, chumba cha nyuma kikiwa kimepakana na mwamba. Kompyuta ikiwekwa upande wa pili wa pembe ya jabali kama hilo, hakuna mpangilio wa Windows utakaoisaidia.

Bati nalo lina tabia yake. Wimbi la redio likigonga bati halipenyi. Hurudi ndani, likagonga ukuta, likarudi tena. Kompyuta hupokea ujumbe mmoja mara kadhaa, kila nakala ikichelewa kidogo kuliko iliyotangulia. Mwangwi wa aina hii, unaotokea katika kila chumba duniani, ndio uliowasumbua wahandisi walipotafuta namna ya kurusha data kwa kasi bila waya. Kundi la watafiti la John O'Sullivan katika taasisi ya utafiti ya Australia, CSIRO, lilipata njia ya kuudhibiti na kupewa hataza ya Marekani mwaka 1996. Hesabu zake zilitokana na uzoefu wao wa kusaka mawimbi hafifu ya redio kutoka angani. Kwa ugunduzi huo Wi-Fi ya leo huvumilia mwangwi mwingi. Haivumilii wote, na ndiyo maana kuisogeza kompyuta nusu mita tu kwenye meza ile ile huweza kubadili hali nzima.

Kinachosahaulika zaidi ni maji. Maji hunyonya mawimbi haya, na tanuri ya maikrowevu hupasha chakula chenye unyevu kwa masafa ya gigahezi 2.45, yaliyo karibu sawa na ya Wi-Fi, ndiyo maana tanuri hiyo ikiwashwa karibu na ruta Wi-Fi hukatakata. Nyumba nyingi huhifadhi maji ndani kwa sababu ya mgao. Mapipa mawili ya lita 200 yaliyopangwa kwenye korido kati ya sebule na chumba cha kusomea ni ukuta kamili mbele ya mawimbi. Yakihamishwa upande mwingine, korido hufunguka.

Kwa hiyo mahali pa ruta ni katikati ya nyumba, juu kiasi, pasipozibwa. Nyuma ya televisheni hapafai, wala juu ya friji, wala ndani ya kabati la chuma, wala sakafuni. Antena zisimame wima, kwa sababu mawimbi hutoka ubavuni mwake na si nchani. Tatizo ni kwamba ruta ya laini ya simu inahitaji pia kuuona mnara, na kwa mnara mahali pazuri ni dirishani. Kwenye miteremko ya Kirumba, upande mmoja wa nyumba unaweza kuwa na mtandao mzuri huku upande wa pili umefunikwa na kilima. Ukurasa wa ruta, unaofunguliwa kwa kuandika anwani yake kwenye kivinjari, huwa na kipimo cha nguvu ya mnara kiitwacho RSRP. Namba yake ni hasi: ikiwa karibu na -80 mawimbi ni mazuri, ikishuka hadi -110 ni dhaifu. Ruta isogezwe kutoka dirisha moja hadi jingine, ikiachwa dakika moja kila mahali, namba ikisomwa. Ni kazi ya robo saa na huweza kuleta nafuu kubwa kuliko kubadili kampuni.

Ruta ikibaki dirishani na kompyuta iko mbali, suluhisho bora kwa kompyuta ya mezani ni waya. Kompyuta isiyohamahama haina sababu ya kutegemea hewa. Waya wa mtandao wa mita kumi, uliopitishwa kando ya ukuta, huondoa habari zote za majabali na mapipa, na pia ni kipimo kizuri: kompyuta ikifanya kazi kwa waya na kushindwa kwa Wi-Fi, kasoro ni ya hewani au ya kadi yake ya Wi-Fi.

Majirani nao wamo katika habari hii. Masafa ya gigahezi 2.4 yamegawanywa katika chaneli, lakini zilizo karibu huingiliana. Zisizogusana ni tatu tu, namba 1, 6 na 11. Kwenye mtaa wenye nyumba zilizobanana, ruta kumi zinaweza kuangukia chaneli moja, na hali huwa kama madalali kumi pale Mwaloni wanaonadi dagaa kwa pamoja mbele ya mnunuzi mmoja: kila mmoja lazima asubiri mwanya wa kusema. Zipo programu za bure za simu zinazoonyesha ruta zote za jirani na chaneli zake. Iliyo na watu wachache ichaguliwe kwenye ukurasa wa ruta. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa zaidi na kasi zaidi, ila huchoka haraka yakikutana na ukuta. Ruta nyingi huyatangaza kwa jina linaloishia na 5G, jambo linalowachanganya wengi, kwani halihusiani hata kidogo na 5G ya makampuni ya simu.

Sasa kompyuta yenyewe. Kompyuta nyingi za nyumbani ni za mtumba, zilizotumika kwanza Ulaya, Marekani au Ghuba, na nyingine zina kasoro ambazo mashine mpya haina. Kadi ya Wi-Fi ya zamani inaweza kuwa ya gigahezi 2.4 peke yake. Mtandao wa gigahezi 5 hautaonekana kwenye orodha hata ruta ikiwekwa mapajani. Kompyuta iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huweza kutoziona chaneli 12 na 13, ambazo huko kwa kawaida hazitumiki. Ruta ikijichagulia chaneli 13, simu zote za nyumbani zinaiona na kompyuta haiioni, na hapo hata fundi mzoefu anaweza kuhangaika kutwa nzima. Chaneli ikirudishwa kwenye 11 au chini yake, jina la mtandao linatokea. Vilevile ruta mpya iliyopangwa kukubali ulinzi wa WPA3 pekee huikataa kompyuta ya zamani. Ikiruhusiwa WPA2 pamoja nayo, mlango unafunguka.

Kasoro moja ya mashine za mtumba inafaa ielezwe kwa kina, kwa sababu dalili zake hupotosha. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, ya volti 3, iliyoandikwa CR2032. Kazi yake ni kuiendesha saa wakati kompyuta imezimwa. Baada ya miaka kadhaa betri hufa. Kompyuta ya mezani ikikosa umeme usiku, asubuhi huamka ikiamini ni mwaka 2012 au mwaka mwingine wowote ilioundwa. Wi-Fi inaunganishwa, ping zote zinajibu, lakini karibu kila ukurasa unakataliwa kwa onyo kwamba muunganisho si salama. Sababu ni kwamba kila tovuti yenye ulinzi hubeba cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayodhani iko mwaka 2012 huona cheti cha mwaka huu bado hakijaanza kutumika. Mwenye kompyuta analaumu mtandao. Wa kulaumiwa ni betri ya bei ndogo, ya aina inayotumika pia kwenye mizani ya jikoni na rimoti za magari. Tarehe ikirekebishwa na saa za eneo zikawekwa za Nairobi, ambazo ndizo za Afrika Mashariki, kurasa hufunguka papo hapo. Betri ikibadilishwa, shida haitarudi.

Kisha kuna draiva, programu inayoiwezesha Windows kuongea na kadi ya Wi-Fi. Mara nyingi kompyuta ikitoka kupigwa Windows, alama ya Wi-Fi inakuwa imetoweka kabisa, kwa sababu draiva yake haikuwekwa, na kuipata kunahitaji intaneti ambayo haipo. Njia ya kutokea ni simu: ikiunganishwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB na kuruhusiwa kugawa data kwa waya huo, kompyuta hupata intaneti bila kutumia Wi-Fi, na draiva hupakuliwa kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta. Yafaa kuipakua kwa namba kamili ya modeli iliyoandikwa chini ya laptop, si kutoka kwenye tovuti zinazojitangaza kuwa na draiva za kila kitu. Nyingi kati ya hizo huleta virusi.

Mambo madogo yamalizwe haraka. Hali ya ndege huwashwa kwa bahati mbaya kwa kitufe kimoja cha kibodi, na baadhi ya laptop za zamani zina swichi ya Wi-Fi ubavuni. Neno la siri la ruta likibadilishwa, kompyuta huendelea kutumia la zamani na kukataliwa. Iambiwe kuusahau mtandao ule, kisha iunganishwe upya. Programu ya VPN iliyowekwa siku nyingi na kusahaulika inaweza kuzuia kila kitu. Wi-Fi inayokatika kila laptop inapozinduka kutoka usingizini mara nyingi inazimwa na Windows yenyewe ili kuokoa chaji, na ruhusa hiyo huondolewa kwenye mipangilio ya kadi ya Wi-Fi. Kompyuta ya mezani inayotumia adapta ndogo ya Wi-Fi ya USB isichomekewe nyuma, ambako boksi la chuma linaiziba. Adapta iliyochomekwa mbele inashika vizuri zaidi.

Kwenye ruta, taa husema mengi kwa anayezisoma. Ruta ya laini ya simu yenye taa nyekundu ya mtandao huwa haijapata mnara au laini imefungwa. Taa zikiwa sawa na intaneti haipo, bando ndilo la kutazamwa kwanza. Taarifa za bando hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenye laini, na laini iko ndani ya ruta, kwa hiyo ujumbe hukaa humo bila kusomwa na mtu. Ukurasa wa ruta una sehemu ya ujumbe. Mara nyingi jibu limekaa pale tangu juzi, likieleza kwamba bando limeisha, au kwamba bando linaloitwa halina kikomo limefika kiwango chake na kasi imeshushwa.

Kifaa cha faiba kina taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga unaosafiri ndani ya uzi wa kioo haufiki, na hakuna kuzima na kuwasha kutakakosaidia. Wa kwanza kukaguliwa ni waya mwembamba wa ndani. Uzi wa kioo hauvumilii kupindwa kwa pembe kali. Mwanga huvujia kwenye kona. Waya uliobanwa na kabati, uliofungwa fundo au uliotafunwa na panya huzima nyumba nzima. Uachiwe, ulegezwe, ukae kwa mzunguko mpana, na ncha yake isichungulie jichoni mwa mtu, kwa kuwa mwanga wake hauonekani na unaweza kudhuru. LOS ikibaki nyekundu, uzi umekatika nje, pengine palipochimbwa mtaro, na hiyo ni kazi ya kampuni.

Kuzima ruta na kuiwasha kunasaidia kweli, na kuna sababu. Ruta ni kompyuta ndogo yenye kumbukumbu ndogo, inayoandika kila mawasiliano yanayopita. Ikikaa wiki nyingi hujaa na kuchanganyikiwa. Izimwe kwenye soketi, ikae nusu dakika, iwashwe, ipewe dakika tatu hadi tano. Lakini kuzima si sawa na kubonyeza kile kitundu kilichoandikwa reset. Kitundu hicho hufuta kila kitu, pamoja na jina na neno la siri ambavyo kampuni iliviweka ili faiba itambulike. Nyumba iliyokuwa na shida ndogo ya Wi-Fi inageuka kuwa nyumba isiyo na intaneti hadi fundi wa kampuni afike. Sindano isisogezwe pale bila maelekezo ya kampuni.

Umeme una sehemu yake. Ruta nyingi hutumia adapta ya volti 12, na ikiharibika watu huazima yoyote yenye ncha inayoingia. Ya volti 9 inaweza kuwasha taa zote na kuonekana nzima, lakini ruta ikianza kufanya kazi nzito hujizima na kujiwasha. Ruta inayoanza upya mara kwa mara bila sababu ikaguliwe adapta kabla ya kitu kingine chochote. Kuna pia UPS ndogo za ruta, zenye betri ndani, zinazoiweka hai wakati umeme umekatika; kwa mtu anayefanya kazi nyumbani kwa laptop, hiyo ni fedha iliyotumika vizuri.

Na kuna radi. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi barani Afrika, na juu ya maji ngurumo nyingi hupiga usiku hadi alfajiri, watu wakiwa wamelala na vifaa vimechomekwa. Faiba yenyewe ni kioo na haipitishi umeme, ila waya wa adapta unapitisha. Radi ikipiga karibu na nyaya za umeme za TANESCO, msukumo huingia kwa njia hiyo, na ruta iliyonusurika nusu huwa na dalili za ajabu: tundu moja la waya limekufa, au Wi-Fi inaonekana ukiwa chumba kile kile tu. Swichi ya ukutani peke yake haitoshi. Adapta ing'olewe kwenye soketi mawingu yanapoanza kunguruma upande wa ziwani.

Ikiwa ping ya ruta inajibu, taa ni nzima na bando lipo, kasoro imeshatoka nje ya nyumba. Namba ikijibu na majina yakakataa, kompyuta inaweza kuelekezwa kutumia DNS nyingine, kama 1.1.1.1 ya Cloudflare au ile ile 8.8.8.8 ya Google, na mara nyingi mambo hunyooka. Tovuti moja tu ikikataa na nyingine zote zikafunguka, shida ni ya tovuti hiyo au imezuiwa. Zote zikikataa, kwa simu za kampuni mbalimbali pia, tatizo ni kubwa kuliko mtaa. Jumapili ya 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Siku kama hiyo hakuna cha kurekebisha nyumbani, na anayebonyeza reset anajiongezea shida ya pili.

Intaneti iliyopo lakini inayosuasua hupimwa kwa namna tofauti. Makampuni huuza kasi kwa megabiti, kompyuta huonyesha mafaili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde hupakua megabaiti moja na robo kwa sekunde, hivyo filamu ya gigabaiti moja huchukua dakika 13 au zaidi kidogo, na hapo hakuna kilichoharibika. Kasi ikiwa chini sana ya iliyolipiwa, ipimwe alfajiri na ipimwe saa mbili usiku. Ikiwa alfajiri ni nzuri na usiku ni mbaya, kwa mtandao wa simu mnara umelemewa na watumiaji wa jioni. Ikiwa mbaya saa zote, atafutwe anayekula: Windows hujipakulia masasisho yenyewe, na huweza kuzuiwa kwa kuutambulisha mtandao ule kuwa unalipiwa kwa kipimo. Ukurasa wa ruta huonyesha pia kila kifaa kilichounganishwa. Vikizidi vya familia, neno la siri lililobandikwa chini ya ruta tangu dukani limeshasomwa na wengi, na libadilishwe.

Malalamiko kwa kampuni huwa na nguvu yakibeba vipimo. Mwenye shida aandike tarehe na saa, rangi ya taa, majibu ya ping kwa ruta na kwa 8.8.8.8, na kasi iliyopimwa kwa waya, kwa kuwa kipimo cha Wi-Fi kampuni inaweza kukikataa kwa kusema ni kuta za nyumba. Adai namba ya kumbukumbu ya malalamiko na kuitunza. Kampuni isipotatua, ngazi inayofuata ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa hapo Mwanza, na itahitaji kuona kwamba kampuni ilipewa nafasi kwanza. Namba ile ya kumbukumbu ndiyo inayothibitisha.